Donge Mwishoni mwa Njia

Dira: Haloo? Nani mwenzangu?

Mshonaji: Ni mimi, shemeji.

Dira: Mimi nani? Namba hii siijui, na hapa koridoni kuna kelele—

Mshonaji: Mke wa Mlingoti. Sauti yangu imeshakupotea?

Dira: Alaa! Shemeji! Nisamehe bwana. Nimetoka mkutanoni mbio nikidhani ni mteja. Hujambo?

Mshonaji: Sijambo. Habari za kazi?

Dira: Tunasukuma tu. Mama anaendeleaje?

Mshonaji: Amejinyoosha kitandani, chumba cha pili. Ndiyo maana nanong'ona. Unanipata?

Dira: Nakupata kwa kuvizia. [mkwaruzo] Mbona unapiga kwa simu ngeni?

Mshonaji: Yangu iko hapa juu ya cherehani. Nimeifungua kwenye ile... ile njia ya kaka yako. Siwezi kuitazama na kuongea kwa simu hiyohiyo, mimi nachanganyikiwa. Hii nimeomba kwa mteja, amekuja kupimwa gauni. Nimempa kiti nje. Salio lake lenyewe la kuokoteza, kwa hiyo—

Dira: Kata, nikupigie mimi.

Mshonaji: Ikilia Mama ataamka! Wewe nisikilize tu. Nataka uniambie namna ya kukata.

Dira: Kukata nini?

Mshonaji: Njia. Kuna alama ya mkasi hapa chini. Jana haikuwepo. Nimeigusa, kikatokea kistari chekundu, nikakisogeza, kikanikimbia. Nikakiacha.

Dira: Usiguse, shemeji.

Mshonaji: Mbona unashtuka? Mkasi si wa kukatia?

Dira: Ni wa kukatia, ndiyo. Lakini hiyo programu uliyo nayo ni ya majaribio. Unakumbuka siku ile nilikuwekea ile iliyokuwa kwenye mashine yangu? Sasa hiyo inajibadilisha yenyewe kila tukiongeza kitu huku. Na leo ndiyo tumekaa kuamua kipi kibaki ndani na kipi kitoke. Mkasi umepita. Lakini cha kurudisha ulichokikata, hicho bado tunavutana.

Mshonaji: Yaani nikikata nimekata.

Dira: Umekata. Hakuna kurudi nyuma.

Mshonaji: Shemeji, mimi nakula kwa mkasi. Kitambaa nacho kikishakatwa hakirudi, na sijafa. Niambie tu naanzia wapi.

Dira: Kwa nini unataka kukata?

Mshonaji: Mama kaniomba. Asubuhi, tunakunywa chai, hana hili wala lile, akaniambia, "Mkwe wangu, nasikia kile kidude alichokuwa nacho mwanangu kiliandika kila alipokanyaga. Nataka unionyeshe alipopita." Sijui nani kamwambia. Shangazi yenu labda. Mdomo wake yule hata mimi siwezi kuushona.

Dira: Ukamjibu nini?

Mshonaji: Nikamwambia, pumzika kwanza, Mama, ukiamka nitakuonyesha. Ndiyo anapumzika.

Dira: Na wewe hutaki aone.

Mshonaji: Aone mwanzo! Aone gari la kazini linapomshusha, anavyopanda mlima, anavyofuata nyaya zake za umeme nguzo kwa nguzo. Mwanzo mzuri, umenyooka kama pindo. Aone mpaka hapo, inatosha. Huko mbele mimi nitakaa nako.

Dira: Shemeji—

Mshonaji: Mama wa watu ana presha, Dira. Unataka nimzike na yeye?

Miwani: [kwa mbali] Dira! Bosi anauliza, unarudi au tuendelee?

Dira: Nakuja! Dakika moja tu!

Mshonaji: Nani huyo?

Dira: Mwenzangu, tunamwita Miwani. Tumebishana tangu asubuhi, koo limenikauka. Yeye anataka programu ilainishe njia yenyewe, mtu akifungua tu.

Mshonaji: Ilainishe vipi?

Dira: Niseme, iipige pasi. Vile vifaa havina adabu, shemeji. Ukikiweka mezani ukaenda zako kula, ukirudi unakuta kimechora vurugu tupu, kama kuku aliyekuwa anachakura, na hapo hakijasogea hata kidogo. Setilaiti zinakikosakosa. Sasa Miwani anasema ile vurugu ni takataka, ifutwe, ibaki nukta moja safi. Wateja wanataka mstari wa kupendeza. Mimi nasema, kwanza aulizwe mwenye njia. Na nakala ya asili iwekwe pembeni. Bosi anasema simu za watu hazina nafasi.

Mshonaji: Haya, hayo mtayamaliza wenyewe. Mimi nishike mkono. Nikate wapi? Kabla hajaikaribia barabara mara ya kwanza, au baada?

Dira: Barabara gani?

Mshonaji: Barabara, shemeji! Ya lami. Ile inayopita chini ya mlima.

Dira: Alifika barabarani?

Mshonaji: Unaniuliza mimi?

Dira: Hapana, nilikuwa—

Mshonaji: Wewe si ndiye uliyenitilia hii njia kwenye simu? Tumekaa pale pembeni msibani, watu wanaimba, wewe umeshika kile kifaa na waya, mimi nakutazama. Mwenyewe.

Dira: Nilitia, ndiyo.

Mshonaji: Na hukuiangalia?

Dira: [mkwaruzo] ...nilihamisha tu, shemeji.

Mshonaji: Sikusikia.

Dira: Nilihamisha tu! Kutoka kule kuja huku. Sikufungua.

Mshonaji: Tangu siku ile?

Dira: Tangu siku ile.

Mshonaji: Na kazi yako, kutwa kucha, ni kuangalia njia za watu.

Dira: Za watu, ndiyo.

Mshonaji: Haya. Basi ngoja nikuambie, maana pa kukata hutapajua. Umekaa?

Dira: Nimesimama karibu na dirisha.

Mshonaji: Simama hivyohivyo. Anapanda vizuri mpaka nguzo ile yenye kona. Pale wenzake wanasema ndipo ukungu ulipowashukia, hata mtu na mkono wake hawaonani. Basi kuanzia pale mstari unalewa. Anakwenda huku, anarudi, anakwenda kule. Anashuka, shemeji. Anashuka mpaka karibu kabisa na lami. Angetupa jiwe lingegonga lami. Na anageuka.

Dira: Anageuka?

Mshonaji: Anageuka! Anapanda tena. Nadhani alisikia kitu, au hakusikia kitu, sijui. Anazunguka, anashuka tena upande mwingine, karibu kuliko mara ya kwanza. Nilipoona mara ya kwanza nilipiga kelele humu ndani. Nikawa naiambia simu, hapo, baba, hapo, hatua mbili tatu tu. Anageuka tena.

Dira: Basi, shemeji.

Mshonaji: Si ulitaka kujua kwa nini nakata?

Dira: Nimejua.

Mshonaji: Hujajua. Hujasikia mwisho. Pale mwisho pana donge.

Dira: Donge la nini?

Mshonaji: Donge. Uzi ukijisokota chini ya cherehani, unaujua? Ukiinua kitambaa unakuta limejifunga hivi, huoni kichwa wala mkia. Basi hivyo. Pale ndipo alipokaa. Walipomkuta wenzake walisema alikuwa ameegemea jiwe, na kifaa kipo mapajani. Kiliendelea kuandika mpaka betri ikafa. Na muda wote ule hakutulia. Mara huku kidogo, mara kule kidogo. Nimelitazama donge lile mpaka nimelijua kama uso wake. Nikajiambia, huyu alikuwa anajigeuza. Anajisugua baridi. Alikuwa hai mume wangu, mpaka betri inakwisha alikuwa bado anajigeuza... Haloo? Umepotea?

Dira: Nipo.

Mshonaji: Si ndivyo?

Dira: ...Ndivyo, shemeji.

Mshonaji: Mbona umekawia kujibu?

Dira: Mtandao.

Mshonaji: Maana sasa hivi ulisema kifaa ukikiacha mezani—

Dira: Nilisema mezani. Mezani ni mezani, shemeji. Kule ni mlimani.

Mshonaji: Sawa.

Dira: Na hilo donge nalo unalikata?

Mshonaji: Hilo nilitaka nibaki nalo. Hakuna namna ya kukata, halafu kipande ukakiweka pembeni? Mimi sikati kitambaa nikatupa vipande. Vipande ndivyo vinavyotoa mifuko.

Dira: Hiyo ndiyo nakala ninayoigombania huku ndani.

Mshonaji: Basi gombania, baba. Ngoja nilitazame kidogo nikuambie lilivyo, pengine utajua pa... Shemeji.

Dira: Naam.

Mshonaji: Halipo.

Dira: Nini hakipo?

Mshonaji: Donge. Mstari unakuja, unakuja, halafu pana nukta. Moja. Kama tundu la sindano. Donge langu liko wapi?

Dira: Ngoja, ngoja. Umefungua mwishoni kabisa?

Mshonaji: Naijua njia hii kuliko njia ya kwenda sokoni! Na pale barabarani napo pameshonwa upya, mizunguko ile haipo yote. Umenyooka. Nani kaupiga pasi?

Dira: [kwa sauti ya chini] Miwani.

Mshonaji: Nani?

Dira: Miwani kaiwasha ile ya kulainisha leo asubuhi ili amwonyeshe Bosi. Kumbe imeshuka mpaka kwenye ya majaribio. Lo! Shemeji, nisikilize vizuri. Kuna kibao chochote hapo kwenye kioo? Maneno?

Mshonaji: Kipo. Kipo tangu nilipofungua, nikadhani matangazo. Kimeandikwa, "Njia imelainishwa. Hifadhi?" Chini kuna Ndiyo ya kijani na Hapana nyekundu.

Dira: Alhamdulillahi. Haijahifadhiwa bado. Donge lako lipo, limefunikwa tu. Usiguse Ndiyo. Sikia, usiguse Ndiyo hata kwa bahati mbaya.

Mshonaji: Nilitaka nikate mimi, Dira. Mimi mwenyewe. Siyo programu yenu inikatie.

Dira: Najua. Sasa bonyeza— [mkwaruzo mrefu]

Mshonaji: Nibonyeze nini? Haloo? Umekatika hapo katikati!

Dira: ...nyekundu... [mkwaruzo] Haloo?

Mshonaji: Rudia, sijasikia. Ngoja— ngoja kwanza. Mama! Umeamka?

Mama: Nimelala saa ngapi mimi? Nitalalaje na wewe unanong'ona kama mwizi? Unaongea na nani?

Mshonaji: Na... na mteja, Mama.

Mama: Mteja yuko nje kwenye kiti, anapiga miayo. Ni nani?

Mshonaji: Ni shemeji.

Mama: Dira? Mbona unamficha? Kwani yeye ni hawara?

Mshonaji: Mama jamani! Hebu kaa kwanza— Mama, simu hiyo iache, Mama, nisubiri nikufungulie mimi—

Mama: Unifungulie nini? Imefunguka hii. Kila siku unaiacha imefunguka hapahapa, unakwenda kuanika nguo, unairudia. Unadhani mimi sioni?

Mshonaji: Umeiona?

Mama: Nimeiona zamani. Nilikuwa nakusubiri wewe unionyeshe, nione kama utanionyesha yote. Sasa hiki nini kimemfunika mwanangu? Maneno maneno gani haya?

Dira: Shemeji, mwambie asiguse! Mwambie Mama asiguse!

Mshonaji: Mama, usiguse hapo!

Mama: Basi, yameondoka. Nimeyaondoa.

Mshonaji: Umeyaondoaje?

Mama: Nimegusa tu yakaondoka. Kwani vipi?

Dira: Muulize kagusa lipi.

Mshonaji: Mama... umegusa lipi? La kijani au jekundu?

Mama: La kijani. Kijani si ndiyo salama?

Dira: Shemeji?

Mshonaji: Kijani.

Dira: Nimesikia.

Mshonaji: Hakuna namna?

Dira: Kile kifaa chenyewe kiko wapi? Kama kipo, nakuja jioni hii hii, natoa upya.

Mshonaji: Walikuja kukichukua watu wa kazini kwake. Wamekisafisha, wamempa kijana mwingine anayepanda kule. Na wewe huko hukubaki na nakala?

Dira: Nakala ingebaki kwangu kama ningelifungua faili kwenye mashine yangu, shemeji.

Mama: Mnanong'ona nini tena? Nimevunja kitu?

Mshonaji: Hapana, Mama. Hujavunja kitu.

Mama: Maana naona leo imependeza. Hapa mwisho palikuwa na kitu kimejikunjakunja, kila nikikitazama naona mtu anatapatapa. Nilikuwa nafunika kwa kidole. Leo pasafi. Huyo Dira ndiye aliyepasafisha?

Mshonaji: ...Ndiyo, Mama. Ni yeye.

Mama: Nipe niongee naye. Nipe, bwana. Haloo? Mwanangu?

Dira: Shikamoo, Mama.

Mama: Marahaba. Umekonda, nasikia sauti imekonda. Unakula?

Dira: Nakula, Mama.

Mama: Ahsante kwa kunisafishia. Sasa umalizie. Mstari huu umeishia hewani, juu ya mlima, kwenye majani tu. Si sawa. Mtu haachwi hivyo. Unganisha.

Dira: Niunganishe na wapi, Mama?

Mama: Na nyumbani. Naona nyumba yetu hapa, ina kialama cha bluu. Vuta kutoka pale mpaka hapa mlangoni. Ni kidole kimoja tu.

Dira: Mama, ule... ulikuwepo uwezo wa kuunganisha. Tumeutoa.

Mama: Umeutoa lini?

Dira: Leo asubuhi. Ndiyo kitu cha kwanza tulichokipigia kura. Kuna mtu aliunganisha vipande viwili, programu ikapiga mstari ikapitisha kwenye genge, mwingine akaja akaufuata nusura aanguke. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema utolewe. Nikawaambia, tusichore njia ambayo mtu hakuipita.

Mama: Umesema kweli.

Dira: Ndiyo, Mama.

Mama: Najua hakuipita. Nimemzaa mimi, nimemzika mimi, sitajua kwamba hakurudi? Ndiyo maana nataka ichorwe.

Dira: Siwezi, Mama.

Mama: Hutaki au huwezi?

Dira: Siwezi. Hakuna mahali pa kubonyeza. Na nikiurudisha kwa ajili yetu, utawarudia watu wote, na wao wataufuata mstari wa uongo.

Mama: Mstari mmoja.

Dira: Hata mmoja.

Mama: Sasa mwanangu, unaniambia kutwa unakaa mbele ya mashine, macho yameingia ndani, unalipwa na watu wazima, na hata mstari mmoja huwezi kumchorea kaka yako?

Dira: Mama, nisamehe.

Mama: Mimi sijakasirika. Nauliza tu. Haya, shika simu yenu, mkwe. Nakwenda kunawa uso. Mwenye simu naye msimchoshe.

Mshonaji: Haloo?

Dira: Yuko sawa?

Mshonaji: Amekwenda bafuni. Nasikia maji yanatoka lakini hanawi.

Dira: Nimemwambia ukweli na umekuwa kama matusi.

Mshonaji: Ungemwambia nini kingine?

Miwani: [karibu] Dira, bado uko hapa? Basi bwana, tumemaliza.

Dira: Mmemaliza nini?

Miwani: Kura. Tulikusubiri, Bosi akasema muda hausubiri mtu. Kulainisha imepita, itajiwasha yenyewe. Ile nakala yako ya asili imekosa mtu wa kuisemea. Usinune, utaitetea toleo lijalo.

Dira: Miwani, kuna njia ya mtu imeharibika sasa hivi. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa.

Miwani: Imeharibika vipi? Niletee faili tuone.

Dira: Ndiyo hilo. Faili halipo tena.

Miwani: Sasa nitaona nini? Pole, lakini. Ni ya nani?

Dira: Nenda. Nakuja.

Mshonaji: Amesema nini?

Dira: Wamepitisha. Bila mimi.

Mshonaji: Kwa sababu ulikuwa unaongea na mimi.

Dira: Hata ningekuwemo, ningekuwa mmoja.

Mshonaji: Na mimi nilipokupigia, ulikuwa mmoja hivyohivyo, nikakutegemea.

Dira: Shemeji, mkasi huo sasa acha. Hakuna cha kukata tena. Mama ameona yote.

Mshonaji: Nimekwisha ona. Ajabu ya Mungu. Asubuhi yote nahangaika kumfichia, kumbe mwenzangu anafunika kwa kidole.

Dira: Na wewe?

Mshonaji: Mimi nini?

Dira: Donge lako.

Mshonaji: Limekwenda na kijani.

Dira: Ulisema unalijua kama uso wake.

Mshonaji: Nalijua.

Dira: Nieleze.

Mshonaji: Nikueleze vipi kitu kama kile kwenye simu?

Dira: Ngoja, nina kalamu. Nina karatasi ya mkutano, nageuza nyuma. Naweka nukta. Anza. Mstari unaingia kutoka wapi?

Mshonaji: Dira, acha mambo ya kitoto.

Dira: Kutoka wapi, shemeji?

Mshonaji: ...Kutoka juu. Juu kulia. Unashuka kwa mshazari, hivi, kama mkato wa kwapa.

Dira: Sijui mkato wa kwapa.

Mshonaji: Kama upinde, basi. Umepinda kidogo.

Dira: Nimepinda. Halafu?

Mshonaji: Halafu unafika, unapita kidogo, unarudi. Kitanzi kidogo. Nadhani hapo ndipo alipoliona jiwe.

Dira: Kitanzi kimoja?

Mshonaji: Kimoja. Halafu anakwenda kushoto, mfupi. Anarudi palepale. Anakwenda chini. Anarudi. Kama mtu anayepima mahali pa kukaa. Halafu pana mmoja mrefu.

Dira: Mrefu upande gani?

Mshonaji: Upande wa barabara. Mrefu kuliko yote. Nilikuwa nasema, hapa alinyanyuka, alitaka kujaribu tena. Halafu akarudi kwenye jiwe.

Dira: Umerudi juu ya mstari uleule au pembeni?

Mshonaji: Pembeni. Pembeni kidogo. [mlio wa simu] Hii inalia nini?

Dira: Salio linakwisha. Endelea.

Mshonaji: Halafu vidogovidogo. Vingi. Vinaingiana.

Dira: Kwa kuzunguka au kwa kwenda na kurudi?

Mshonaji: Kwa... vinaingiana tu.

Dira: Cha kwanza kilikwenda wapi, baada ya ule mrefu?

Mshonaji: Cha kwanza kilikwenda... ngoja. Kilikwenda juu. Hapana. Kulia. Jana nilikitazama, Dira. Jana jioni, nimekaa hapahapa.

Dira: Usijilazimishe.

Mshonaji: Nilikuwa nakijua! Nilikuwa nafuata kwa ncha ya sindano, mwanzo mpaka mwisho, sijikwai. Sasa kila nikifumba macho naona nukta. Naona ile nukta yao tu.

Dira: Basi, shemeji. Basi.

Mshonaji: Chora hivyohivyo. Jaza vidogo vidogo.

Dira: Nimejaza.

Mshonaji: Linafanana?

Dira: Sijui, shemeji. Mimi sikuliona.

[mlio wa simu]

Mshonaji: Haya. Mwenye simu amesimama mlangoni, ananitazama. Ndiyo mama, nakuja, samahani sana, nakupima sasa hivi. Na Mama naye anatoka. Kwaheri, shemeji, nitakutafuta.

Dira: Nisalimie Mama. Mwambie Jumapili nitaku—

Mshonaji: Haloo? Umesemaje? Haloo?